Mwanamke wa Mlima wa Pimbi

Mtu wa Mombasa akivuka daraja la Nyali kwenda Kisauni au Bamburi hupita Kengeleni, na wengi wetu tumepita hapo mara elfu bila ya kuinua macho kuitazama ile kengele iliyopapa mahali hapo jina lake. Kengele ile ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni wa Kiingereza katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Jina la Frere ni la Sir Bartle Frere, yule bwana aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Sayyid Barghash afunge soko la watumwa. Haya tuliyasoma skuli. Nilichokuwa sikijui mimi, mpaka juzi nilipokuwa Nakuru, mbali kabisa na bahari, ni kwamba ukoo huo wa kina Frere ulitoa binti mwingine ambaye jina lake limeandikwa katika ardhi yetu ya Afrika ya Mashariki pengine kwa wino mzito kuliko wa Sir Bartle mwenyewe. Binti huyo ni marehemu Bibi Mary Leakey.

Nilikwenda Nakuru kwa arusi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekaa huko miaka mingi akiuza vipuri vya magari, naye alikuwa akimwoza binti yake wa pili. Sisi watu wa pwani tukiitaja Nakuru mawazo yetu huenda kwenye baridi, viazi, na wale ndege heroe wa ziwani. Mji umekua, na tangu Desemba 2021 ni jiji. Arusi ilikwisha Jumapili, na Jumatatu asubuhi, tukinywa chai, shemeji akaniuliza kama bado nacheza bao. Nikamwambia bao halisahauliki, na barazani kwetu hapana anayenilaza. Akacheka, akaniarifu kwamba nje kidogo ya mji liko bao lililochongwa katika jabali, la kale sana, na kama ninajiona bingwa basi tukalicheze.

Sikumwamini. Kwa fikira zetu bao ni letu, la baraza za Lamu na Mombasa na Unguja, na mtu wa bara akilicheza basi amelitoa kwetu. Nikavaa koti la kuazima, tukenda.

Mahali penyewe ni kama kilomita nne kutoka katikati ya mji, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Wazungu wamepaita Hyrax Hill, yaani Mlima wa Pimbi, kwa sababu ya wale wanyama wadogo kama sungura wasio na masikio marefu, wanaokaa katika nyufa za mawe. Si mlima, ni kilima cha majabali meusi ya volkano, kimeota migunga na vichaka, na baina ya mawe majani ni marefu kiasi cha kumfunika mtoto. Chini yake iko nyumba ndogo iliyokuwa ya walowezi. Mama mwenye shamba aliitoa iwe makumbusho, na watu wakaanza kuruhusiwa kuingia mwaka 1965. Mahali pamehifadhiwa kwa sheria tangu 1943. Siku ile tulikuwa wageni peke yetu. Mlinzi alitukaribisha kwa bashasha ya mtu aliyekaa muda mrefu bila ya kupata wa kuzungumza naye.

Ukipanda juu unaliona ziwa linameta kwa mbali, na nyuma yako ni Menengai, ule mlima uliolipuka ukaacha shimo kubwa. Mlinzi alitueleza kwamba miaka elfu nane au tisa iliyopita ziwa lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko leo, na mahali tuliposimama palikuwa ni rasi iliyoingia majini. Mimi nikasema moyoni: kumbe hata hapa palikuwa na pwani.

Na bao lipo. Limechongwa juu ya mwamba, mashimo yamepangwa kwa safu, na kingo zake zimelainika kama kingo za kisima cha zamani zinavyolainika kwa kamba. Nilitia kidole katika shimo moja baada ya jingine. Bara kwa kawaida wanacheza bao la safu mbili, si la safu nne kama letu, wala halina namu na takata na mambo mengine tunayoyajua sisi. Lakini mtu aliyelichonga alikuwa na subira. Kuchonga jiwe lile si kazi ya siku moja, na hakuna anayejitaabisha hivyo kwa mchezo atakaoucheza mara moja akaondoka. Aliyekaa pale alikuwa na nafasi, na ng'ombe walioshiba, na rafiki wa kucheza naye.

Hapo nikamwuliza mlinzi ni nani aliyepagundua mahali hapa. Akasema kwamba wa kwanza kupachungulia, mwaka 1926, alikuwa Bwana Louis Leakey, lakini aliyepafukua hasa ni mkewe, Bibi Mary, mwaka 1937 na 1938. Alikuwa na umri wa miaka 24 alipoanza. Jina la mume nililijua, na nani asiyelijua? La mke nililijua kama mtu anavyolijua jina la mke wa mtu mkubwa. Basi siku zile mbili zilizobaki kabla ya basi langu nikazitumia kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mary Douglas Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji, na kazi yake ilikuwa kwenda nchi za watu, Ufaransa, Italia, Misri, akichora mandhari, kisha akirudi Uingereza kuziuza picha zake. Mama yake, Cecilia, ndiye wa kina Frere. Katika ukoo huo alikuwako John Frere, ambaye mwishoni mwa karne ya kumi na nane aliokota mawe yaliyochongwa katika shimo la udongo huko Hoxne, akasema kwamba yalikuwa ni silaha za watu walioishi zamani mno, kabla ya kujulikana chuma. Siku zile watu hawakumsikiliza.

Msichana huyu hakuwa na ndugu. Alifuatana na wazazi wake, na alipokuwa na miaka kumi na miwili wakakaa kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika nchi ya mapango. Mapango yale yamo katika mabonde yenye misitu, na ndani yake watu wa kale walichora farasi na nyati kwa rangi nyekundu na nyeusi. Bwana mmoja aliyekuwa akifukua huko, kwa haraka yake ya kutafuta vitu vizuri, alikuwa akiitupa michanga yake nje, naye akamruhusu Mary kuichekecha na kuokota atakacho. Padri mmoja wa kijijini, Lemozi, alimwingiza katika pango la Pech Merle na kumwonyesha picha kwa mwanga wa taa. Nafikiri mambo mawili yalimwingia pale wala hayakumtoka tena: kwamba watu wa kale walikuwa na mikono yenye ustadi kama ya baba yake, na kwamba anayefukua kwa pupa anatupa nusu ya mali.

Mwaka 1926 baba yake akafariki, na Mary alikuwa na miaka kumi na mitatu tu. Kutoka hapo akawa mtoto mgumu. Mama alimpeleka katika skuli za watawa wa Kikatoliki, zikamfukuza. Moja ilimfukuza baada ya kusababisha mlipuko katika chumba cha kemia, na wasomaji wenye watoto wa aina hiyo wanaweza kupata faraja kidogo hapa. Hakupata kufaulu mtihani hata mmoja maishani mwake. Mama alipouliza katika Chuo Kikuu cha Oxford kama binti yake anaweza kupokewa, alishauriwa asijisumbue hata kuandika barua ya maombi. Mwaka 1981 chuo hicho hicho kilimpa shahada ya heshima ya udaktari.

Alichokuwa nacho ni kalamu ya kuchorea. Alihudhuria mihadhara ya London bila ya kuandikishwa mtihani, akashiriki kufukua mahali pa kale huko Uingereza, akawa akichora vifaa vya mawe kwa ustadi uliowafanya wataalamu wamtafute. Kwa njia hiyo, mwaka 1933, akakutanishwa na Louis Leakey, kijana aliyezaliwa Kabete kwa wazazi wamisheni, akakua akizungumza Kikikuyu kama Wakikuyu, naye alikuwa anatafuta mtu wa kumchorea picha za kitabu chake.

Sasa hapa, msomaji, sitaki kuficha kitu. Louis alikuwa na mke, Bibi Frida, na mke huyo alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mtoto wa pili. Louis akamwacha kwa ajili ya Mary. Talaka ilitolewa 1936, na mkesha wa Krismasi wa mwaka huo wakaoana. Cambridge ikamfungia Louis milango. Mama yake Mary alikuwa amejaribu kumzuia binti yake. Mapema mwaka 1935 alimchukua safari ya Afrika ya Kusini na Zimbabwe, labda atasahau. Hakusahau. Mary akamwacha mama arudi peke yake, yeye akaja Tanganyika kukutana na Louis. Kwetu jambo hili lina jina lake, na walowezi wa Kenya, ambao wengine wao hawakuwa na mwenendo wa kujivunia, nao walilipa jina. Bibi huyu kijana alifika nchi hii akiwa mtu wa kunyooshewa kidole. Ninalitaja kwa sababu bila ya kulijua huwezi kuelewa kwa nini ile kazi ya Nakuru ilikuwa kubwa kwake. Huko Uingereza watu walimwona kama msichana aliyevunja nyumba ya mwenziwe na kushika mkia wa koti la mwanamume maarufu. Ilimpasa awe na kitu chake mwenyewe.

Isitoshe, karibu afe. Mwanzoni mwa 1937, hawajakaa sana Kenya, alishikwa na homa ya mapafu kali hata madaktari wakakata tamaa. Mola alimwandikia umri. Alipopata nguvu, Louis alikuwa ameshughulika na utafiti wake juu ya mila za Wakikuyu, kazi ya kukaa na wazee na kuandika. Mary akaenda Nakuru, akakiangalia kile kilima cha pimbi, akaanza kuchimba.

Alivyochimba si kama watu walivyokuwa wakichimba siku zile katika nchi hii. Alipima kila kitu mahali kilipo, akachora kila jiwe kabla ya kuliondoa, akachekecha udongo wote. Wafanyakazi wake walikuwa Waafrika, na kwa miaka mingi msimamizi katika kazi za kina Leakey alikuwa Heselon Mukiri, ambaye magazeti ya siku zile hayakumtaja sana ingawa macho yake yaliona mengi kabla ya macho ya mabwana zake.

Upande mmoja wa kilima alikuta viwanja kumi na vitatu vya mviringo vilivyozungushiwa mawe. Hivi vilikuwa vya watu ambao Wakalenjin wanawaita Sirikwa, wafugaji waliokaa nchi ile kabla ya kuja Wamasai. Upande wa pili yalikuwako makaburi ya kale zaidi, ya miaka elfu tatu hivi, ya watu wasiokuwa na chuma. Maiti walilazwa wamekunjwa, wamefunikwa kwa mawe. Mary akaona jambo: wanawake walizikwa na vyombo vyao, mabakuli ya mawe, sahani za mawe, na michi. Wanaume walizikwa bila ya kitu. Nilipoelezwa hili, shemeji yangu alisema kwamba wanaume wa Nakuru hata leo ndivyo watakavyozikwa. Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta.

Zilipatikana pia sarafu za Kihindi, nyingine za zamani sana na nyingine za karne ya ishirini. Zilifikaje kule? Mimi mtu wa Mombasa nilizifikiria sana sarafu hizo. Rupia na pesa zilikuwa ndizo fedha za bandari zetu, na misafara yetu ilipanda mpaka kwenye maziwa hayo ya bonde. Lakini sarafu huanguka mfukoni mwa mtu yeyote, na Wahindi waliojenga reli walipita Nakuru mwanzoni mwa karne hiyo. Bibi Mary alikuwa mtu wa kuandika alichokiona na kunyamaza pale asipojua, nami naona bora nimfuate.

Nimelichelewesha jambo moja ambalo lilinikaa moyoni tangu nilipofika juu ya kilima, nalo ni makaburi. Sisi tumefundishwa kwamba maiti ana heshima yake, kwamba mfupa wake haufai kuvunjwa kama usivyofaa wa aliye hai, na kaburi likifukuliwa pasipo dharura tunaona uchungu hata kama hatumjui mwenyewe. Sasa hapa mtu amekuja kutoka London na koleo. Alimwomba ruhusa nani? Aliomba kwa mwenye shamba, mlowezi, ambaye naye alikuwa na ardhi ile kwa sababu mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya mkataba na Wamasai wa kuwahamisha kutoka bonde lile. Wazukuu wa wale waliozikwa, kama wapo, hawakuulizwa. Huu ni upungufu, na sioni haja ya kuupamba.

Lakini kuna upande wa pili, na huu nao lazima usemwe. Siku zile, katika mahoteli na vilabu vya Nakuru, walowezi wengi walikuwa wakisema kwamba nchi ile waliikuta tupu, haina mwenyewe, haina habari, na kwamba historia yake ilianza wao waliposhuka katika gari moshi. Ndivyo walivyojihalalishia mashamba. Na katikati ya shamba moja la kizungu, msichana asiye na cheti, ambaye siasa haikuwa kazi yake, akatoa ardhini mabakuli na michi na ushanga wa watu waliofuga ng'ombe hapo miaka elfu moja kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Hakufanya ili kuwakomoa walowezi. Alifanya kwa sababu ndivyo udongo ulivyosema. Taarifa yake ya Hyrax Hill ilichapishwa mwaka 1945, nayo ni maandishi makavu, vipimo na vigae tupu. Lakini anayeisoma hawezi tena kusema nchi ilikuwa tupu.

Mwaka 1938 akaenda Njoro. Shemeji alinipeleka huko siku ya pili, ni safari ya nusu saa kwa gari. Mto Njoro unatoka katika msitu wa Mau, unateremka mpaka Ziwa Nakuru, na njiani umekata bonde jembamba lenye miti mirefu na majabali pande zote mbili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, utelezi ulikuwa mwingi, na viatu vyangu ni vya mjini. Pango lenyewe sikulifikia. Nilikaa juu ya jiwe chini ya mti, nasikiliza mto na nyani, na shemeji akavuta sigara yake.

Katika pango la mto ule Bibi Mary alikuta wafu kama themanini. Hawakuzikwa, walichomwa moto. Kwetu ni jambo la kustusha, lakini watu hao walikuwa katika zama zao, na kwa namna walivyofanya inaonekana hawakufanya kwa dharau hata kidogo. Kila mmoja alipewa bakuli lake la jiwe na mchi wake. Shingoni walivikwa ushanga wa mawe ya rangi, akiki na mfano wake, yaliyotobolewa kwa kazi ambayo sonara wa Lamu angeiheshimu, na ushanga mwingine wa mifupa na wa mbegu. Visu vyao vilikuwa vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, ambalo hupatikana mlima Eburru, upande wa Naivasha.

Na moto ule uliowateketeza ndio uliohifadhi mambo yao. Ukambaa huoza, mti huoza, kikapu huoza, lakini makaa hayaozi. Kwa hiyo Mary alikuta vipande vya kamba, vya vikapu vilivyosukwa, na chombo cha mti kilichonakshiwa, vyote vimekuwa makaa na vimebakia na sura yake. Fikiri mtu anavyokiinua kikapu cha makaa cha miaka elfu tatu bila ya kukivunja. Mkono ukitetemeka kimekwisha. Miaka ile hapakuwa na njia ya kujua umri wa makaa. Elimu hiyo ilivumbuliwa baada ya vita, na ndipo ilipojulikana kwamba watu wa Njoro waliishi kama mwaka 1000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Kitabu cha pango hilo kilitoka 1950, na juu yake yameandikwa majina yote mawili, la Mary na la mumewe, na la Mary limetangulia.

Kutoka Nakuru aliondoka akiwa si msichana wa kuchorea watu picha tena. Yaliyofuata dunia inayajua, nami nitayapita mbio. Alizaa wana watatu waliokua, na binti, Deborah, aliyekufa mchanga kwa ugonjwa wa kuhara. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, aliona fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya nyani aliyefanya jina la kina Leakey livume. Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, mumewe amelala hemani ana homa, yeye akatoka na mbwa wake wawili akaliona fuvu ambalo Louis alilipa jina la Zinjanthropus. Msomaji wa pwani atalitambua neno hilo: Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu. Kiumbe yule wa miaka milioni moja na robo tatu akapewa jina letu, bila ya sisi kuulizwa. Habari za asili ya wanadamu wanazuoni wetu wana maneno yao, na ukurasa huu si mahali pake.

Mwaka 1972 Louis alifariki London. Mary akabaki Olduvai, hema na mbwa na sigara zake nene, akizungumza Kiswahili na mafundi wake Wakamba, hapendi wageni, hapendi hotuba. Mwaka 1978, huko Laetoli, watu wake walikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka milioni tatu na laki sita iliyopita.

Lakini mwenyewe kazi aliyoipenda kupita zote ilikuwa ile ya Kondoa. Mwaka 1951 alikaa miezi mitatu huko katika vilima vyenye miti, pembezoni mwa nyika ya Wamasai, akinakili picha nyekundu zilizochorwa na watu wa kale chini ya majabali. Aliweka karatasi angavu juu ya mwamba akafuata kila mstari, picha kama 1,600: twiga, pofu, watu wenye nywele za ajabu, watu wapigao filimbi. Wakati huo hapakuwa na fuvu la kumpa jina. Alikuwa ni binti wa mchoraji, amerudi katika mapango ya utoto wake. Picha nyingine tayari zilikuwa zinafutika, na nyingine baadaye zimeharibiwa na watu wanaochimba chini ya majabali wakitafuta dhahabu ya Wajerumani, ambayo hawajaipata. Wenyeji wengine bado huenda katika mapango hayo kwa matambiko ya mvua. Kitabu chake cha picha hizo kilitoka 1983, na mwaka 2006 Kondoa ikaingizwa katika urithi wa dunia. Yeye hakuiona siku hiyo. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, umri wake miaka 83.

Jioni ya siku ya pili, tukirudi kutoka Njoro, nilimwomba shemeji tupite tena kilimani. Mlinzi alikuwa anafunga, akatufungulia. Tuliokota vijiwe, nikamfundisha shemeji sheria nilizozijua, tukazipunguza zitoshe safu zilizopo. Yeye, kwa kuwa amekaa bara miaka mingi, alizijua sheria nyingine za huko, akanifundisha nami. Pimbi mmoja alikaa juu ya jabali akitutazama. Nilishindwa mara mbili. Mara ya tatu adhana ya magharibi ikasikika kutoka mjini, hafifu kwa upepo, tukaviacha vijiwe ndani ya mashimo kama vilivyokuwa, tukashuka.